Kumvua Wolai Kwa Kufuata Majira: Hotuba kwa Wavuvi Waswahili wa Minnesota

Hotuba hii ilitolewa mwezi Aprili mbele ya familia zinazozungumza Kiswahili za Brooklyn Park na vitongoji vya jirani, na imeandikwa hapa karibu kama ilivyosemwa, baada ya kuondolewa marudio.

Waheshimiwa wazee wetu, kina mama na kina baba, ndugu zangu na vijana wote mliofika: nawasalimu kwa heshima, na nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi hii wiki chache kabla ya msimu kufunguliwa, wakati ambapo maduka ya zana za uvuvi yamejaa watu na kila muuzaji ana ndoano ya ajabu ya kukuuzia.

Nimeombwa niseme juu ya wolai, samaki ambaye kwenye mabango na vitabu vya kanuni vya jimbo hili huandikwa walleye, na ambaye tangu mwaka 1965 ndiye samaki rasmi wa Minnesota. Waliokulia Homa Bay, Musoma, Kigoma au Bukavu hawana haja ya kufundishwa jinsi ya kufunga ndoano, na sitajaribu kufanya hivyo mbele ya wazee walioanza kuvua kabla sijazaliwa. Kinachotusumbua wengi wetu katika nchi hii ni majira. Maji ya Ziwa Victoria hayatofautiani sana kwa joto kati ya Januari na Julai, lakini ziwa la hapa ambalo watoto huogelea ndani yake mwezi Julai ndilo magari hupita juu yake mwezi Januari. Samaki anayeishi katika maji ya namna hiyo lazima ahamehame, abadili chakula na abadili saa za kula, na mvuvi anayerudi kila mara kwenye jiwe lilelile kwa sababu Mei alipata samaki hapo atakaa bure mwezi Agosti.

Hoja yangu ni kwamba mtu anayejua joto la maji na kiasi cha mwanga unaofika chini anaweza kukisia wolai yuko wapi, majira yoyote ya mwaka, hata kwenye ziwa ambalo hajawahi kulivua. Mengine yote, yaani rangi ya ndoano, bei ya fimbo na ukubwa wa boti, yana nafasi yake, lakini yanakuja baadaye sana.

Tuanze na mwanga, kwa sababu huu unatawala majira yote. Ukimmulika wolai kwa tochi usiku, macho yake hung'aa kama ya paka. Nyuma ya retina yake kuna utando unaorudisha mwanga ili upite mara ya pili kwenye seli zinazoona, na kwa hiyo huona vizuri katika giza ambalo samaki wengine wanapapasa tu. Chakula chake kikuu katika maziwa mengi ni pechi wa njano, samaki mdogo mwenye milia ambaye huona vizuri mchana lakini jioni macho yake humpungukia. Katika muda ule mfupi ambapo pechi haoni vizuri na wolai bado anaona, ndipo wolai hula. Saa sita mchana, jua likiwa kali na maji yakiwa matulivu na maangavu, wolai hajafa wala hajahama ziwa. Amejilaza kinani, au amejificha kwenye kivuli cha magugu, na ni vigumu sana kumshawishi.

Hapa tunapaswa kusahihisha saa zetu. Karibu na ikweta jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, na mvuvi wa usiku hushusha mtumbwi saa ileile Januari na Julai. Minnesota, mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, na mwishoni mwa Desemba huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Saa bora ya wolai, ambayo kwangu mimi ni nusu saa kabla ya machweo na saa nzima baada yake, huhama pamoja na jua. Ndugu anayetoka kazini saa kumi jioni mwezi Juni bado ana muda wa kula, kusali na kufika ziwani. Mwezi Desemba anayetoka saa hiyohiyo tayari amechelewa, labda aombe ruhusa.

Maziwa mawili ya jimbo hili yataonyesha maana ya mwanga kuliko maelezo yangu yoyote. Mille Lacs, ambalo liko chini ya mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapa na lina ukubwa wa zaidi ya ekari 130,000, lilivamiwa na kome wadogo wenye milia ya pundamilia, ambao waligunduliwa humo mwaka 2005. Kome hawa huchuja maji ili wapate chakula, na wakiwa wengi huliacha ziwa likiwa jangavu kuliko lilivyokuwa. Mwanga ukashuka chini zaidi, na mvuvi wa Mille Lacs leo hutegemea zaidi maji ya kina, siku za upepo na saa za usiku. Ukienda kaskazini hadi Upper Red Lake, unakuta ziwa lenye kina kifupi na maji ya rangi ya chai, yaliyotiwa rangi na mboji ya vinamasi vinavyolizunguka. Humo wolai hula hata saa saba mchana, kwa sababu chini kuna giza la jioni siku nzima. Ni samaki yuleyule, katika jimbo lilelile, na tofauti iko kwenye mwanga.

Kwa hiyo ukifika kwenye ziwa usilolijua, kabla hujamwuliza mtu yeyote, teremsha kitu cheupe kwa uzi na utazame kinapotea macho kwenye kina gani. Kikipotea kabla ya futi 4, vua mchana bila wasiwasi. Kikiwa bado kinaonekana futi 12 chini, nenda kapumzike kivulini urudi jioni, isipokuwa kuna upepo. Upepo ni rafiki wa mvuvi wa wolai: mawimbi huvunja mwanga, matope ya ufukweni huchafua maji, na samaki wadogo husukumwa kwenye ufuko unaopigwa na upepo. Wageni wengi hukimbilia upande uliotulia kwa sababu ni raha kukaa huko. Wolai yuko upande wa pili, mradi boti yako na mawimbi vinapatana; Mille Lacs ni ziwa pana lisilo na kina kirefu, na mawimbi yake hukua haraka kuliko mtu anavyodhani.

Sasa tuingie kwenye majira, na nianze na masika ya huku, ambayo ndiyo yaliyo mbele yetu.

Barafu ikishaondoka, mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili kusini mwa jimbo na hata mwanzoni mwa Mei kule kaskazini, wolai husogea kwenye changarawe na mawe karibu na ufuko, au hupanda mito, ili kutaga. Hufanya hivyo maji yakiwa kati ya nyuzi 42 na 50 za Farenhaiti, yaani kama nyuzi 6 hadi 10 za Selsiasi. Madume hutangulia na hubaki muda mrefu. Majike huja, hutaga usiku, kisha huondoka. Hawajengi kiota na hawalindi mayai, na jike mkubwa hubeba mayai mamia ya maelfu, kwa sababu mengi yatasombwa, yataliwa au yatafunikwa na mchanga. Ndiyo maana katika maziwa ya ndani ya jimbo hili msimu hufungwa Jumapili ya mwisho ya Februari na kufunguliwa tena Jumamosi moja ya katikati ya Mei. Siku hiyo ya ufunguzi ni sikukuu kamili. Tangu mwaka 1948 hata gavana hualikwa kuvua.

Ufunguzi unapofika, kutaga kwa kawaida kumekwisha lakini madume bado wako karibu na midomo ya mito na kwenye changarawe. Tena, samaki wadogo ambao wolai huwala wanaanza kuja kwenye maji ya kina kifupi ili nao watage. Kwa hiyo mwezi Mei usiende mbali. Tafuta mahali kijito kinapoingia ziwani, au ncha ya mawe inayoingia majini, na uanze kwenye kina cha futi 5 hadi 12. Maji yanayoingia kutoka kijitoni mara nyingi huwa na joto kidogo kuliko ziwa, na tofauti ya nyuzi mbili au tatu inatosha kuwakusanya.

Zana ya wakati huu ni ndoano yenye kichwa cha risasi, ambayo hapa huitwa jigi, pamoja na samaki mdogo wa chambo. Naomba mnivumilie nilieleze hili kwa undani, kwa sababu mtu anayeijua jigi vizuri anaweza kuvua mwaka mzima kwa hiyo tu. Chukua jigi ya sehemu moja ya nane ya aunsi, ambayo ni kama gramu tatu na nusu. Kukiwa na mkondo au upepo mkali, chukua yenye uzito mara mbili yake. Mshipi uwe mwembamba, wa ratili 6 au 8. Pitisha ndoano kwenye mdomo wa samaki wa chambo, uitokeze nyuma ya kichwa chake, ili akae amenyooka kwenye ndoano. Tupa, kisha uache jigi ishuke hadi mshipi ulegee. Kulegea huko ndiko kunakokuambia kwamba imegusa chini. Inua ncha ya fimbo kwa kiasi cha shubiri moja tu, kisha uishushe taratibu huku mshipi ukiwa umekaza kidogo. Wolai karibu kila mara huimeza jigi inaposhuka, na mvuvi aliyelegeza mshipi kabisa wakati huo hatajua kilichotokea. Wakati mwingine utasikia kishindo kidogo kwenye kidole, wakati mwingine utahisi uzito tu, kana kwamba umenasa jani lililolowa. Ukihisi uzito, vuta. Maji yakiwa baridi, chini ya nyuzi 50 za Farenhaiti, fanya yote haya polepole hadi uone unachelewa, kwa sababu samaki wa damu baridi katika maji baridi hakimbizi kitu.

Neno moja kwa vijana ambao wanajisifu kwamba waliogelea Ziwa Victoria tangu utotoni: maji ya mwezi Mei hapa yanaweza kumuua mwogeleaji hodari, kwa kuwa baridi ya ghafla humfanya ahemee maji na mikono hufa ganzi kabla hajafika kwenye boti. Sheria ya Minnesota inamlazimisha mtoto wa chini ya miaka 10 kuvaa jaketi la kuokolea boti ikiwa inakwenda. Mimi nawaomba watu wazima nao walivae, na si kulikalia.

Mwezi Juni mambo hubadilika. Maji yakifika nyuzi 60 na kuendelea kupanda, wolai huacha midomo ya mito na kutawanyika: wengine huenda kwenye ukingo wa magugu, wengine kwenye vilima vya chini ya maji. Huu ni wakati wa ruba. Ruba wa chambo huuzwa madukani, huishi muda mrefu kwenye chombo chenye maji ya baridi, na huendelea kujinyonganyonga kwenye ndoano hata baada ya kutupwa mara nyingi. Mtoboe kwenye upande wenye kinyonyeo kikubwa. Kwa watoto na kwa wanaovua kutoka ufukweni, hakuna njia rahisi kuliko kumning'iniza ruba chini ya kiboya kinachoteleza kwenye mshipi, akiwa futi moja juu ya chini ya ziwa, kando ya magugu, jua linapokaribia kuzama.

Wenye boti wajifunze mtego ambao wavuvi wa Brainerd, ndugu wawili Ron na Al Lindner, waliusambaza mwishoni mwa miaka ya 1960, na ambao hadi leo huitwa Lindy Rig. Risasi huteleza kwa uhuru kwenye mshipi na huzuiwa na pingili ndogo ya chuma. Baada ya pingili kuna futi tatu au zaidi za mshipi mwembamba, ndoano ndogo, na ruba au nyungunyungu. Boti hukokota mtego huu taratibu mno juu ya chini ya ziwa. Mshipi ukivutika, mvuvi huuachia utoke, na kwa kuwa risasi haivutwi, samaki huondoka na chambo bila kuhisi uzito wowote. Baada ya sekunde chache mvuvi huikusanya mikunjo ya mshipi na kuvuta. Ni uvuvi wa watu wavumilivu, na nimeona wazee wetu wanaupenda kuliko aina nyingine yoyote.

Julai na Agosti ndiyo miezi inayowakatisha tamaa wengi. Katika maziwa yenye kina, maji hugawanyika tabaka: ya juu yana joto, ya chini kabisa ni baridi, na katikati kuna tabaka jembamba ambamo joto hushuka ghafla. Katika maziwa yenye rutuba nyingi, chini ya tabaka hilo oksijeni huisha, na kumtafuta wolai huko ni kumtafuta mahali asipoweza kupumua. Yuko juu kidogo ya mpaka huo, mara nyingi kati ya futi 18 na 30, au yuko kwenye magugu mazito akivizia. Wakati huohuo ziwa limejaa chakula. Wadudu huibuka kwa wingi kutoka kwenye tope la chini ya ziwa, na waliokulia kandokando ya Victoria wanalijua lile wingu linalopanda kutoka majini. Hapa vilevile, wolai hujishibisha kwa mabuu ya wadudu hao, na chambo chako kinakuwa punje moja katika karamu. Siku kama hizo hufaa kuvua usiku kwa kukokota samaki wa bandia nyuma ya boti juu ya vilima na miamba, kwa mwendo wa maili mbili kwa saa au zaidi kidogo, kwa kuwa katika maji ya joto wolai anakubali kukimbiza.

Naongeza tahadhari moja kuhusu kina. Wolai akivutwa kutoka zaidi ya futi 30, kibofu chake cha hewa huvimba kupita kiasi, na hata ukimrudisha majini akiwa anapumua, wengi hawaponi. Kwa hiyo anayevua kinani avue anachokusudia kula, na akishatosheka aache.

Majira ya kupukutika kwa majani sitayachelewesha. Septemba maji hupoa, tabaka huvunjika, ziwa zima hujichanganya, na kwa siku kadhaa samaki wanaweza kuwa popote. Baada ya hapo wolai wakubwa huanza kula kwa nguvu kabla ya baridi. Ongeza ukubwa wa chambo, tumia jigi nzito, tafuta miteremko mikali. Kule mpakani na Kanada, makundi ya samaki wadogo hutoka Lake of the Woods na kuingia mto Rainy, na wolai huwafuata nyuma. Ni wakati mzuri pia kwa sababu wenyeji wengi wameshika bunduki na kwenda kuwinda, na maegesho ya boti ni matupu.

Sasa nifike kwenye majira ya baridi, ambayo wengi wenu mmeniambia mnayaogopa. Hofu hiyo ni ya haki, lakini haipaswi kuwanyima miezi mitatu ya uvuvi mzuri.

Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 39 za Farenhaiti, sawa na nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi na hupanda juu, na ndiyo maana barafu huanzia juu na chini ya ziwa hubaki maji yenye joto kuliko ya juu. Wolai halali usingizi wa majira ya baridi. Anaendelea kula, kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi zaidi, akiwa karibu na chini.

Kwanza barafu yenyewe. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri angalau inchi 4 za barafu mpya na ngumu kwa mtu anayetembea kwa miguu, na zaidi ya mara mbili ya hapo kwa gari dogo, na hurudia kila mwaka kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nguvu nusu tu ya ile angavu. Karibu na mito inayoingia na kutoka, chini ya madaraja na mahali penye chemchemi, barafu huwa nyembamba hata ziwa zima likiwa limekaza. Toboa na upime unapokwenda, usimfuate mtu kwa sababu tu ametangulia. Vaa jaketi la kuokolea, na uning'inize shingoni ile jozi ya misumari yenye vishikio, kwa sababu mtu aliyezama hawezi kujivuta juu ya barafu laini kwa viganja vitupu. Katika kibanda chenye jiko la gesi, acha tundu la hewa wazi na uweke king'ora cha kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina harufu, na huua watu waliolala vizuri na kwa joto.

Barafu ya kwanza, mapema Desemba katika miaka ya kawaida, ndiyo bora. Wolai bado wako kwenye maji ya futi 6 hadi 15, kando ya magugu yaliyobaki mabichi na kwenye ncha za mawe, na hula kwa dakika chache tu wakati wa machweo. Toboa matundu yako kwa keekee mapema, saa nane mchana, ili kelele ziishe kabla ya wakati wenyewe. Juu ya barafu kila mvuvi anaruhusiwa mishipi miwili, ilhali majira mengine katika maji ya ndani ni mmoja tu, na mishipi hiyo ifanye kazi tofauti. Mmoja uwe na kijiko kizito cha chuma kilichotiwa kichwa cha samaki wa chambo: kiinue kwa nguvu mara mbili tatu, kipige tope la chini, kisha kitulize, kwani wolai huitwa na mtikisiko lakini huuma wakati wa utulivu. Mwingine uwe na samaki hai chini ya kiboya kidogo, futi chache kutoka hapo, umwache afanye kazi yake. Mwenye sona, yaani kifaa cha kuonyesha samaki chini ya maji, akimwona samaki anapanda kuitazama ndoano, asiiache ikae; aiinue polepole, naye atafuata. Ndoano inayoshuka kumwelekea humtia shaka.

Januari yote wanashuka kinani na kuzubaa. Nyakati hizo mimi huelekea Upper Red Lake, ambako rangi ya maji huwafanya wale mchana, na ziwa hilo lina historia inayostahili kusemwa hapa. Sehemu kubwa ya maziwa ya Red Lake ni mali ya taifa la Waojibwe wa Red Lake, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na mgeni haruhusiwi kuvua humo bila idhini yao. Upande wa mashariki wa ziwa la juu ndio ulio chini ya jimbo. Katika miaka ya 1990 wolai wa ziwa hilo walikwisha kwa kuvuliwa kupita kiasi pande zote. Wavuvi wa Red Lake wenyewe wakasimamisha uvuvi wao wa biashara mwaka 1997, mwaka 1999 taifa hilo, jimbo na serikali ya shirikisho wakakubaliana kulifunga ziwa lote kwa wolai, vifaranga wakapandikizwa, na mwaka 2006 likafunguliwa tena likiwa limejaa. Nasema hivyo kwa wale wanaoniuliza kwa nini wanahesabiwa samaki.

Kuhusu hesabu hiyo: kwa miaka mingi kikomo cha jumla cha jimbo kimekuwa wolai 6 kwa mtu, na ndani yake mmoja tu anayezidi inchi 20, lakini maziwa mengi yana kanuni zake, na za Mille Lacs hubadilika mwaka hadi mwaka, wakati mwingine ndani ya msimu mmoja. Soma kijitabu cha mwaka husika na bango lililo mahali unaposhushia boti. Leseni inahitajika kuanzia miaka 16. Waliovua sangara Ziwa Victoria wanakumbuka kanuni ya sentimita 50 hadi 85, iliyokusudiwa kuwaacha wachanga wakue na wazazi wakubwa watage. Mantiki ya inchi 20 ni ileile, kwa kuwa wolai wanaovuka urefu huo wengi wao ni majike. Na kabla ya kuondoka ziwani, ng'oa kizibo cha boti na umwage maji yote, kwa sababu ndiyo njia ambayo kome wale hupelekwa kwenye ziwa jingine, na sheria inakutaka ufanye hivyo.

Kwa jikoni, chukua wa inchi 15 hadi 18. Nyama yake ni nyeupe, haina miiba mingi ukishaitoa minofu, na haihitaji zaidi ya chumvi, ndimu, pilipili na mafuta ya moto. Wakubwa si watamu kama wadogo, na tena hukusanya zebaki mwilini kwa kuwa wameishi miaka mingi wakila samaki wengine. Wajawazito na watoto wadogo wafuate mwongozo wa Idara ya Afya ya jimbo kuhusu mara ngapi wale. Unapomshika, jihadhari na meno na ukingo wa kifuniko cha matamvua, ambao hukata kama wembe.

Nimalizie na swali nililoulizwa mlangoni na mama mmoja: asiye na boti afanye nini? Aende mtoni. Mississippi inapita karibu na nyumba zetu. Kipande cha kutoka bwawa la Ford hadi bwawa la Hastings huvuliwa mwaka mzima, kwa sharti kwamba kila wolai anarudishwa majini, na ni shule nzuri kwa watoto kwa sababu samaki ni wengi na wakubwa. Anayetaka kitoweo ateremke hadi Red Wing, ambako mto ni mpaka na Wisconsin, msimu wa wolai haufungwi, na kanuni ziko kwenye ukurasa wa maji ya mpakani. Machi na Aprili wolai hupanda kuja kutaga na huzuiwa na bwawa. Oktoba hurudi tena. Simama mahali maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia, usivuke mabango ya tahadhari, na utupe jigi ya robo aunsi kwenye mstari ule ambapo povu linageuka. Fimbo na jigi nimezileta na ziko pale mezani. Watoto waje kwanza, kisha tutapokea maswali.